Sauti Iliyovuka Mpaka: Jinsi Mungu Alivyosema na Watumishi Waliochoka



Tunaposherehekea kumbukumbu hii, wengi wetu tutasimulia ushindi. Ni vizuri, utukufu ni wa Bwana. Lakini ukifuatilia habari za uamsho katika nchi zetu hizi, utakuta jambo ambalo mara nyingi tunaliruka: uamsho huo ulianza na watu waliochoka. Tena wengi wao hawakuisikia sauti ya Mungu mpaka walipokaa chini na ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka.

Gahini, mwaka wa njaa

Gahini ni kilima kilicho kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Mwaka 1928 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika pale kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana. Alikuta nchi inaingia katika njaa kali ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikuja hospitalini mifupa mitupu. Wengine walikufa njiani wakielekea Uganda kutafuta chakula. Daktari alitibu, aligawa chakula, alizika. Njaa ilipopungua mwaka 1929, yeye mwenyewe alikuwa amekwisha. Mwili umechoka, na roho imekauka. Kazi ya Mungu ilikuwepo, lakini nguvu ya Mungu aliiona mbali.

Septemba mwaka huo alikwenda Kampala kupumzika. Jumapili moja, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Naye Nsibambi alikuwa na kiu yake: alikuwa ameokoka, lakini aliona bado kuna kitu amepungukiwa. Wakakubaliana wakae pamoja na Biblia.

Walikaa siku mbili. Hapakuwa na mkutano mkubwa wala vyombo vya muziki. Walifungua Biblia zenye marejeo wakafuata kila mahali panapomtaja Roho Mtakatifu, wakasoma, wakaomba, wakajikabidhi. Hebu fikiria wakati ule: Mzungu na Mwafrika, mmoja katoka Rwanda na mwingine Mganda, wamekaa meza moja, na hakuna mwalimu kati yao ila Neno. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri wa Injili. Church alirudi Gahini mtu mwingine.

Lakini Gahini haikubadilika kesho yake. Ilipita miaka minne. Ni Desemba 1933, mwishoni mwa mkutano wa mafundisho ulioonekana wa kawaida tu, ndipo watu walipoanza kusimama mmoja mmoja na kutubu waziwazi. Wewe uliyesikia Mungu akisema halafu ukaona hali ni ileile, usiseme ulijidanganya.

Kinuka na Kigozi

Katika hospitali hiyo hiyo ya Gahini alikuwapo Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa Kiafrika. Alikuwa amekata tamaa na hana amani na wakubwa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi. Alipoulizwa mbona kazi ya Gahini imepoa, alitaja makosa ya wengine. Nsibambi hakumpembeleza. Alimwelekeza autazame moyo wake mwenyewe. Maneno yale yalimchoma, na katika safari ya kurudi nyumbani Kinuka alijisalimisha kwa Bwana. Baadaye alikuwa mmoja wa nguzo za uamsho.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alivuka kwa njia ya pili: Mganda aliyekwenda Rwanda kufundisha wainjilisti hapo Gahini. Naye alifika mahali pa kuchoka. Alifundisha, lakini aliona maneno yake hayana nguvu. Mwaka 1935 alijitenga na watu kwa wiki nzima, yeye na Mungu tu. Alipotoka, wanafunzi na walimu walishindwa kumsikiliza kwa mazoea. Wengine walikasirika, wengine wakatubu.

Januari 1936 Kigozi alikwenda Kampala akiwa na ujumbe kwa sinodi ya Kanisa la Uganda, kwamba Kanisa limepoa na linahitaji kuamka. Hakuwahi kuutoa. Aliugua homa ya kupe akafariki. Ujumbe wake ulifikishwa na wengine, na neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani amka, likawa wito wa mikutano ya uamsho Uganda nzima.

Kutoka hapo moto ulitembea: Kabale mwaka 1935, Kenya mwaka 1937, kisha Burundi, Tanganyika na Kongo. Sisi Wapentekoste tulikuwa na mito yetu pia, kama wamisionari wa Sweden waliotoka Kongo wakafungua kazi Kiremba, Burundi, mwaka 1935. Lakini lugha yetu ya ushirika, kuitana ndugu, kutoa ushuhuda, kutembea nuruni, sehemu kubwa tumeirithi kwa wale waliochoka wa Gahini na Namirembe.

Tujifunze nini?

Soma tena 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili. Sauti ile ya chini ilikuja baadaye, kule Horebu. Na jibu lake lilikuwa nini? Rudi kazini, na huko kuna Elisha, na kuna watu elfu saba ambao hukuwajua. Yaani aliyesema amebaki peke yake alipewa mwenzake.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Church alimpata Nsibambi. Kinuka alimpata Nsibambi. Hata Kigozi aliyejifungia peke yake, alichopata alikileta kwa ndugu.

Leo wachungaji wetu wengi wamechoka na hawasemi. Wanaogopa wataonekana hawana upako. Mwingine anahama mkutano hadi mkutano akitafuta nabii wa kumwambia neno, na Biblia iko mezani kwake, na ndugu yake yuko ng'ambo ya mto, simu moja tu. Mpendwa, ukichoka, lala kwanza, ule. Kisha tafuta ndugu mmoja asiyekuogopa, atakayekuambia ukweli kama Nsibambi. Fungueni Neno pamoja, siku mbili kama mnaweza, na msiharakishe.

Na wewe ambaye leo una nguvu, mwenzako wa Bujumbura, Kigoma, Goma, Kabale au Kisumu akikupigia kukwambia amechoka, usimhubirie haraka. Mkaribishe, mpe chakula, kaa naye.

Ushirika huu wa kuvuka mipaka tuliachiwa kwa ajili ya saa kama hizo. Bwana aulinde, na awatie nguvu wote waliochoka. Amina.