Ua la Usambara lililotajirisha wengine: funzo kwetu Hanang na Mbulu

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo tuache kidogo mahindi na vitunguu saumu, tuangalie historia ya ua dogo la porini.

Asili yake ni misitu ya milimani Tanzania, hasa Usambara, na kusini-mashariki mwa Kenya. Ni mmea mfupi wenye majani ya vinyweleo na maua ya zambarau. Humea kwenye miamba yenye kivuli na unyevu.

Mwaka 1892, enzi za Wajerumani, mkuu wa wilaya kule Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliutuma kwa baba yake Ujerumani. Ukafika kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliupa jina la kitaalamu Saintpaulia, yaani jina la familia hiyo. Kampuni ya mbegu ya Benary ya Erfurt ikaanza kuuza. Miaka ya 1920 bustani za California zikaendeleza aina mpya. Leo ni ua la chungu linalouzwa kwa mamilioni Ulaya na Marekani.

Kwa nini lilienea haraka? Jani moja lenye kikonyo, ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu, huota mizizi na kutoa miche. Aliyepata mche mmoja hakuhitaji kurudi Usambara kununua mwingine. Hapo ndipo faida ilipotuponyoka.

Huku nyumbani, baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka. Msitu ukifyekwa, jua huingia, mwamba hukauka, ua hufa.

Tangu Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, kila nchi inatambuliwa kuwa na haki juu ya mimea yake na mgao wa faida yake. Lakini haki hiyo hulindwa na aliye karibu na mmea. Sisi tuna Mlima Hanang na msitu wa Nou. Kwa hiyo:

1. Usisogeze shamba wala moto ndani ya hifadhi.
2. Mgeni akitaka mbegu, mizizi au miche ya porini, hata akilipa vizuri, mpeleke kwanza serikali ya kijiji na TFS aonyeshe kibali.
3. Tunza mbegu zako za asili za mtama na maharage. Usigawe zote ukabaki bila akiba.

Ua likishaondoka, hatulipwi kwa kusema lilikuwa letu.