Nani Anashika Negativu? Historia Fupi ya Kupiga Picha Miti ya Redwudi

Vijana wa kikundi chetu cha picha huniuliza swali moja kila mara: mbona tukipiga picha chini ya miti saa sita, jua limewaka vizuri, picha inatoka mbaya? Jibu nililipata kwenye historia ya msitu ulio mbali sana na hapa kambini, na humo nikakuta na mambo mengine ambayo sikuwa nayatafuta.

Msitu huo uko California, Marekani, kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya Pasifiki. Mti wake unaitwa redwudi, yaani mti mwekundu. Mrefu kuliko yote inayojulikana una zaidi ya mita 115. Weka nyumba ya ghorofa 35 pembeni yake, mti bado unaipita. Mingine ina umri wa miaka 2,000. Ila misitu ya zamani, ile ambayo shoka halijawahi kuingia, imebaki kama asilimia 5 tu.

Sasa tuje kwenye mwanga. Majani yako juu sana na yanakula karibu jua lote. Kinachofika chini saa sita ni vipande vipande, kama mwanga unaopita kwenye kapu la kusukwa. Jicho letu linavumilia hali hiyo, kamera haiwezi. Ukiipima kwa vile vipande vya jua, mashina yanakuwa makaa. Ukiipima kwa mashina, vile vipande vinageuka mabaka meupe. Flashi nayo haisaidii kitu, maana utamulika mita chache za mti wa mita 90. Kwa hiyo wapiga picha wa kule wanasubiri ukungu wa asubuhi unaotoka baharini. Ukungu unasambaza mwanga sawasawa kila upande, na gome likilowa ndipo wekundu wake unaonekana. Wanaweka kamera kwenye miguu mitatu, wanaacha mwanga uingie kwa sekunde nyingi, na upepo ukitikisa majani wanaanza upya. Kazi ya subira hasa.

Zamani ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1861 Carleton Watkins alipanda milima ya California na nyumbu waliobeba kamera kubwa ya vioo vya sentimita 45 kwa 55 hivi. Kioo kilipakwa dawa papo hapo na kusafishwa kabla hakijakauka, ndani ya hema la giza. Tena dawa ile ilikuwa kama kipofu kwa rangi nyekundu; iliona zaidi buluu. Fikiria kupiga picha mti mwekundu kwa kioo kisichoona wekundu! Alipiga bonde la Yosemite na pia sekwoya, binamu wa redwudi, mfupi kidogo lakini mnene zaidi. Picha zake zilioneshwa New York mwaka uliofuata, na tarehe 30 Juni 1864 Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kulinda bonde lile na miti ile. Wengi wanasema picha zilisaidia.

Lakini angalia mwaka. Miaka kumi tu kabla ya Watkins, mwaka 1851, wanamgambo walikuwa wameingia Yosemite kuwafukuza Waahwahneechee, wenyeji wa bonde. Nyumba zao zilichomwa pamoja na akiba ya chakula. Halafu dunia ikaoneshwa picha za mahali pazuri, kimya, kama hapajawahi kuishi mtu. Wenzetu waliotoka upande wa Bukavu wanajua habari kama hiyo, jinsi Batwa walivyotolewa kwenye msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970. Picha ya msitu mtupu siyo uongo. Ila lazima uulize watu wameenda wapi.

Watkins mwenyewe naye alikuja kunyang'anywa. Biashara ilianguka miaka ya 1870, negativu zake zikaenda kwa wadai, na mtu mwingine akazichapisha kwa jina lake yeye. Alianza kukusanya upya, mpaka moto wa tetemeko la San Francisco la 1906 ukateketeza studio yake.

Ndiyo maana mimi nampenda zaidi Andrew Hill, mchoraji na mpiga picha wa San Jose. Mwaka 1899 moto uliwaka kwenye milima ya Santa Cruz, maji yakapungua, watu wakauzima kwa divai kutoka kwenye mapipa ya kiwanda. (Jamani, divai!) Gazeti la Uingereza likataka picha za habari hiyo. Hill, akiwa kwenye kazi hiyo, akaingia kwenye shamba la redwudi la mtu binafsi huko Felton na kupiga picha. Mwenye shamba akaja juu, akadai negativu zote. Hill akakataa, akaondoka nazo. Njiani hasira yake ikageuka wazo: kwa nini miti ya namna hii iwe ya mtu mmoja anayeweza hata kuikata kesho akitaka? Mwezi Mei 1900 yeye na wenzake wakapiga kambi Big Basin na kuanzisha Sempervirens Club. Mwandishi Josephine McCrackin, ambaye nyumba yake iliteketea katika moto ule ule, alikuwa ameshaanza kuandika gazetini kuitetea miti. Hill akapeleka picha zake kwa wabunge. Mwaka 1901 sheria ikapita ikitenga dola 250,000, na mwaka 1902 hekta kama 1,500 zikawa hifadhi ya jimbo.

Tangu siku niliposoma habari hiyo, kwenye kikundi chetu faili ya picha inabaki kwa aliyeipiga. Mgeni akiitaka anapewa nakala, na nyuma tunaandika ni wapi na nani anaishi hapo.

Na kule kwenye redwudi, wenyeji walikuwa nani? Kaskazini, kwenye mto Klamath, ni Wayurok. Nyumba zao zilijengwa kwa mbao za redwudi, na mitumbwi yao huchongwa kwa gogo la mti huo huo. Ardhi yao nyingi ilikwenda kwa makampuni ya mbao. Mwaka 2025 ndipo kulikamilika kurudishiwa kwao hekta kama 19,000 kando ya kijito cha Blue Creek. Siku hizi wanawapakia wageni kwenye mitumbwi yao ya redwudi na kuwatembeza mtoni. Wageni wanalipa, wanakaa, wanapiga picha, na anayeshika kasia ni Myurok.