Mtunya: Njaa ya Ugogo na Serikali za Kigeni

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari ya njaa iliyoishika nchi ya Ugogo katika siku za Vita Kuu ya kwanza na baada yake. Wagogo wenyewe waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana. Wako wasemao kwamba njaa ni kazi ya jua tu. Sisi twaona sivyo.

Ugogo ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na miaka mingine huwa haba sana. Watu wa kale walilijua jambo hilo, wakajikinga nalo. Walipanda uwele na mtama, nafaka zistahimilizo ukame, wakaweka akiba. Ng'ombe wao hawakuwaweka wote katika zizi moja, bali waliwagawa kwa ndugu na marafiki walio mbali, ili maradhi yakiangamiza upande mmoja, upande wa pili usalie. Nafaka ikiisha, ng'ombe walipelekwa kwa majirani kubadilishwa kwa chakula. Na kazi ya kulima, kuchunga na kusafiri ilitaka vijana wenye nguvu.

Wadachi walileta kodi ya nyumba mwaka 1898, na reli yao ikafika Dodoma mwaka 1910. Hata hivyo kinga ile ya wazee ilikuwa ingali ipo. Vita vilipozuka mwaka 1914, majeshi yalitaka kula. Wadachi walitwaa ng'ombe na nafaka. Kisha, mwishoni mwa Julai 1916, majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma, nayo yakatwaa vivyo hivyo, na wanaume wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi. Wala mzigo huo haukuwa wa Ugogo peke yake; katika Afrika ya Magharibi Wafaransa walidai vijana wawe askari wao, hata watu wa nchi ya Volta wakaasi mwaka 1915, wakapigwa vibaya.

Basi mvua ilipokosa, mtu alikwenda ghalani akakuta hamna kitu. Akalitazama zizi, nalo ni tupu. Akamtafuta kijana wa kumtuma mbali, naye kijana yuko safarini na mzigo wa askari kichwani, au amekwisha kufa. Ukame kama ule wazee walikuwa wameuona mara nyingi. Lililokuwa jipya ni kuukabili mikono mitupu. Watu walihama wakitafuta chakula, na homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ikawakuta hali wamedhoofika. Hata ilipokwisha njaa ile mwaka 1920, watu wapatao 30,000 walikuwa wamekufa katika watu 150,000, ndiyo kusema mmoja katika kila watano.

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alitoa sheria ya kutawala kwa njia ya wakubwa wa wenyeji. Mtemi wa Kigogo, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kutunza mawe ya mvua na kuiombea nchi, akafanywa mtoza kodi (kazi mbili zisizopatana hata kidogo, kwa maoni yetu). Mvua ilipochelewa, watu walimwendea mtemi yule yule aliyewadai kodi.