Aliyejikwaa Tokyo

Mwezi uliopita tulipelekwa semina ya uongozi kwenye hoteli moja hapa Nairobi. Mkufunzi akatuwekea video ya komando mstaafu wa Marekani: alijeruhiwa vitani, akainuka, na sasa anafundisha mabosi jinsi ya kuongoza. Ilikuwa nzuri, sikatai. Kisha akauliza: nani anamjua mwanajeshi wa kwetu wa aina hiyo? Kimya. Mimi mtoto wa Roret nikatazama chupa yangu ya maji.

Ilhali kwetu jina lake nililisikia kabla sijajua kusoma. Jioni, majani chai yakishapimwa na watu wakingoja lori la kiwanda, wazee hawakosi stori, na stori moja ilikuwa ya Wilson Kiprugut Chumo. Mtu wa Kericho, mwanajeshi.

Kiprugut alivaa magwanda wakati jeshi bado ni King's African Rifles. Katika jeshi hilo Mwafrika angeweza kuwa hodari vipi, juu yake kulikuwa na afisa Mwingereza. Hata uhuru ulipokuja Desemba 1963, makamanda walibaki walewale, na Januari 1964 wanajeshi wa Lanet wakaasi wakidai mishahara na maafisa wao wenyewe. Mwafrika wa kwanza kuongoza jeshi la nchi kavu, Joseph Ndolo, alisubiri hadi 1966. Kwa hivyo ukisikia habari za Kiprugut, kumbuka alitoka kwenye mahali ambapo mtu kama yeye alizoeshwa kupokea amri.

Oktoba 1964, Tokyo, fainali ya mita 800. Kenya ilikuwa imeshapeleka timu Melbourne 1956 na Roma 1960, ikarudi mikono mitupu. Kiprugut akatimka, na mwishoni mwishoni akagusana na George Kerr wa Jamaika, akajikwaa. Wewe fikiria: mbio ya dakika moja na sekunde arobaini na kitu, halafu mguu unakusaliti karibu na utepe. Peter Snell wa Nyuzilandi alishinda, Bill Crothers wa Kanada akawa wa pili. Kiprugut na Kerr walipewa muda uleule, 1:45.9, lakini shaba ilikuwa ya Kiprugut. Ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, na ya pekee mwaka ule.

Mkufunzi wetu angeishia hapo, aweke muziki. Mimi napenda zaidi yaliyofuata. 1965, Brazzaville, kwenye Michezo ya kwanza ya Afrika, Kiprugut alishinda mita 400 na 800 zote mbili. 1966, Kingston, fedha ya Jumuiya ya Madola. Halafu Mexico City, 1968. Mtu aliyewahi kujikwaa katikati ya watu angeweza kujificha nyuma angoje. Yeye akashika usukani mapema na kuwavuta wenzake kwa kasi ya ajabu, mpaka Ralph Doubell wa Australia akampita kwenye mnyoosho wa mwisho na kuifikia rekodi ya dunia, 1:44.3. Kiprugut 1:44.5, fedha. Bila yeye kuwasha ule moto, sidhani rekodi ingefikiwa siku ile.

Mwaka huo Kenya ilirudi na medali tisa. Kutoka moja hadi tisa, kwa miaka minne! Watu humkumbuka Kipchoge Keino, na ni haki yake. Ila ukiniuliza nani alifungua mlango, nitakutajia yule wa Kericho. Wakenya walisubiri dhahabu ya 800 hadi Paul Ereng, 1988, na njia ilikuwa imeshapigwa.

Baada ya semina nilimtumia mkufunzi ujumbe mrefu, wenye tarehe na muda. Alijibu upesi, kwa furaha: huyu mzee anapatikana? Anaweza kuja kuzungumza na wafanyakazi, analipisha ngapi?

Nikamwandikia kwamba alifariki Novemba 2022.