Nani Mmiliki wa Sura ya Mashine? Historia ya Uhalali wa Kubadilisha Mandhari ya Mifumo Endeshi, 1985–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya swali moja la kisheria: je, mtu aliyepata kompyuta kwa njia halali ana haki ya kubadilisha sura ya mfumo endeshi uliomo ndani yake? Kwa kuchunguza kesi, sheria na mbinu za kiufundi za Marekani na Ulaya tangu mwaka 1985, makala yanaonesha kwamba swali hilo lina maswali matatu ndani yake: swali la picha, swali la faili na swali la mkataba. Hoja inayotetewa ni kwamba kampuni za programu zilipata ushindi mdogo sana mahakamani kuhusu picha, na udhibiti wa sura ukahamia katika faili na katika mkataba, mahali ambapo mtumiaji hana nafasi ya kujitetea. Mwishoni makala yanalihusisha suala hili na juhudi za kuipa kompyuta sura ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtu anayewasha kompyuta haioni programu yenyewe; huona sura yake. Huona fremu ya dirisha, kitufe, menyu na pipa la taka pembeni mwa kioo. Mkusanyiko wa rangi, michoro na maumbo unaoipa mashine sura hiyo ndio unaoitwa hapa mandhari. Tangu kompyuta zenye madirisha zilipoenea, wamekuwapo watumiaji waliotaka kuibadilisha: wengine kwa ajili ya uzuri, wengine kwa sababu macho yao hayakustahimili rangi walizopewa, na wengine kwa kutaka tu chombo chao kifanane nao.

Jambo hilo linaonekana dogo. Hata hivyo, limegusa hakimiliki, sheria za kulinda vizuizi vya kidijiti na sheria ya mikataba. Wanaolijadili mara nyingi hutoa jibu la neno moja, "inaruhusiwa" au "hairuhusiwi". Historia haikubaliani na jibu la namna hiyo. Kubadilisha mandhari kunaweza kuwa halali kwa upande wa picha, kuwa na shaka kwa upande wa faili, na kukatazwa kwa upande wa mkataba, yote kwa wakati mmoja.

2.0 Picha mahakamani: 1985–1995

Mwezi Novemba 1985 kampuni za Apple na Microsoft zilitia saini makubaliano yaliyoiruhusu Microsoft kutumia baadhi ya vipengele vya sura ya kompyuta za Apple katika Windows 1.0. Toleo la pili la Windows lilipotoka likiwa na madirisha yanayolaliana, Apple iliona kwamba mipaka ya ruhusa ile imevukwa. Tarehe 17 Machi 1988 ilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko California dhidi ya Microsoft na pia dhidi ya Hewlett-Packard, iliyokuwa imetengeneza programu ya NewWave.

Apple iliorodhesha vipengele 189 ilivyodai kuwa vimenakiliwa. Mahakama iliamua kwamba 179 kati yake vilikuwa ndani ya ruhusa ya mwaka 1985. Apple ikajaribu njia nyingine: ikadai kwamba sura nzima, kwa ujumla wake na kwa hisia inayompa mtumiaji, ilistahili kulindwa hata kama kipengele kimoja kimoja hakikustahili. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa iliikataa hoja hiyo. Wazo la kuonesha kazi kama meza ya ofisi yenye folda na madirisha halikuwa mali ya mtu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya sura iliruhusiwa na mkataba, au ilikuwa wazo tu, au ililazimishwa na udogo wa kioo, ulinzi uliobaki ulikuwa mwembamba: kosa lingetokea pale tu ambapo kazi mbili zinakaribia kuwa kitu kimoja. Mwaka 1995 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani ya Apple.

Mwaka huohuo mahakama nyingine ya rufani iliamua katika kesi ya Lotus dhidi ya Borland kwamba mpangilio wa amri katika menyu ni namna ya kuendesha programu, na kwa hiyo haulindwi na hakimiliki. Mwaka 1996 majaji wa Mahakama Kuu Kabisa waligawanyika wanne kwa wanne, na uamuzi huo ukabaki.

Hukumu hizi mbili zilimnufaisha mbunifu wa mandhari bila yeye kuwamo kesini. Ziliweka msingi kwamba mtu anayechora vitufe vyake mwenyewe na kuvipanga mahali palepale penye vitufe vya zamani haibi kitu. Lakini hazikumruhusu kunakili aikoni au mchoro uleule wa mtu mwingine.

3.0 Barua za mawakili

Mwishoni mwa miaka ya 1990 uchoraji wa mandhari ulikuwa umekuwa sanaa ya watu wengi. Watumiaji wa Macintosh walikuwa na programu ya Kaleidoscope, na wale wa Windows walikuwa na WindowBlinds ya kampuni ya Stardock. Apple yenyewe ilikuwa imeandaa mandhari kadhaa za kuchagua kwa ajili ya Mac OS 8.5, zikaonekana katika matoleo ya majaribio, kisha ikaziondoa kabla ya mfumo huo kuuzwa mwaka 1998.

Mwezi Januari 2000 Steve Jobs alizindua mjini San Francisco sura mpya iliyoitwa Aqua, yenye vitufe vinavyong'aa kama matone ya maji. Baada ya muda mfupi zilitokea mandhari za kuiga Aqua kwa ajili ya mifumo mingine, na mawakili wa Apple wakawaandikia waliokuwa wakizisambaza wakiwataka waziondoe. Wengi walitii.

Tukio hili linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Halikuthibitisha kwamba kubadilisha mandhari ni kosa. Lalamiko lilihusu kuiga mchoro wa kampuni moja na kuusambaza, jambo ambalo hata hukumu ya mwaka 1994 ililiachia mlango. Lakini barua ya wakili ina nguvu isiyopimwa kwa sheria peke yake. Mchoraji asiye na fedha za kesi hutii hata pale ambapo angeweza kushinda. Hivyo mpaka wa uhalali, machoni pa watu, ulichorwa na uwezo wa kumudu gharama za shauri.

4.0 Kufuli ndani ya faili

Windows XP iliingia sokoni tarehe 25 Oktoba 2001. Kwa mara ya kwanza Windows ilikuwa na uwezo wa ndani wa kuvaa mandhari kamili, na mtumiaji alipewa sura iliyoitwa Luna katika rangi tatu: buluu, kijani cha zeituni na fedha. Uwezo huo, hata hivyo, ulikuwa na mlinzi. Faili ya mfumo iitwayo uxtheme.dll ilikagua kila mandhari kabla ya kuivaa, na ikakataa yoyote isiyokuwa na sahihi ya kidijiti ya Microsoft.

Wapenda mandhari walijibu kwa kuibadilisha faili yenyewe. Walitafuta mahali panapofanyika ukaguzi, wakabadilisha baiti chache, na mlango ukafunguka. Hapo ndipo swali la kisheria lilipogeuka. Mchoro uliotiwa ndani ungeweza kuwa wa mtumiaji mwenyewe kabisa, usio na mstari hata mmoja wa Microsoft. Lakini ili uonekane, ilimbidi aiguse kazi ya Microsoft iliyolindwa na hakimiliki, na mkataba wa matumizi ulikataza kuichambua programu isipokuwa pale ambapo sheria ya nchi inaruhusu licha ya katazo hilo. WindowBlinds ilipita njia nyingine: ilichora madirisha yenyewe bila kuhitaji faili ya mfumo ibadilishwe. Matokeo machoni pa mtumiaji yalikaribiana; hali mbele ya sheria ilikuwa tofauti sana.

5.0 Mwenye nakala na mwenye leseni

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ina kifungu cha 117, kilichowekwa mwaka 1980, kinachomruhusu mmiliki wa nakala ya programu kuirekebisha ikiwa marekebisho ni hatua ya lazima katika kuitumia kwenye mashine. Katika kesi ya Krause dhidi ya Titleserv, mwaka 2005, mahakama ya rufani ilikitafsiri kwa upana: kampuni iliyolipia programu na kukaa nayo bila masharti makubwa ilihesabiwa kuwa mmiliki wa nakala, na iliruhusiwa kuirekebisha na hata kuiongezea uwezo.

Ugumu uko katika neno "mmiliki". Mwaka 2010, katika kesi ya Vernor dhidi ya Autodesk, Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ilisema kwamba anayepewa programu kwa masharti makali ya leseni hamiliki nakala, bali ameruhusiwa tu kuitumia. Kwa kipimo hicho, haki iliyowekwa na bunge inaweza kuondolewa na maandishi ambayo watumiaji wengi huyakubali bila kuyasoma.

Suala la pili lilikuwa la mabadiliko ya muda na ya kudumu. Mwaka 1992, katika kesi ya Galoob dhidi ya Nintendo, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba kifaa kinachobadilisha mwenendo wa mchezo wakati unachezwa, bila kuacha alama yoyote, hakizalishi kazi mpya iliyotokana na ile ya kwanza. Mwaka 1998, katika kesi ya Micro Star dhidi ya FormGen, ilihukumu kinyume kuhusu faili za kudumu zilizoendeleza hadithi ya mchezo. Mandhari ni ya kudumu kwa kuwa ni faili, lakini haiendelezi hadithi ya mtu. Hukumu hizo mbili zinaiacha katikati.

Njia ya Ulaya imekuwa ya wazi zaidi. Agizo la mwaka 1991 kuhusu programu za kompyuta liliweka kanuni za kurekebisha na kuchambua programu kwa watu walioipata kihalali. Tarehe 22 Desemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Jamhuri ya Cheki, ilitamka kwamba kiolesura cha michoro si sehemu ya programu kwa maana ya agizo hilo, ingawa kinaweza kulindwa kama kazi ya sanaa kikiwa ni ubunifu wa mwandishi wake. Tofauti kati ya picha na programu ikapata kauli ya mahakama. Tarehe 17 Oktoba 2024, katika shauri la Sony dhidi ya Datel, mahakama hiyo iliongeza kwamba programu inayobadilisha thamani zilizomo katika kumbukumbu ya muda ya mashine, bila kugusa msimbo wa programu nyingine, haivunji ulinzi wa agizo hilo. Shauri lilihusu michezo, lakini mantiki yake inaigusa kila mbinu ya mandhari isiyobadilisha msimbo. Haimlindi mtu anayebadilisha baiti za faili ya mfumo.

6.0 Sura ya Kiswahili

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, suala hili linaweza kuonekana kuwa la mbali. Lakini maneno yaliyomo katika menyu ni sehemu ya sura ya mashine kama zilivyo rangi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyovikwa Kiswahili. Programu ile si mfumo endeshi, lakini kisa chake kinafafanua kiini cha mjadala. Wafasiri hawakuhitaji kuomba idhini ya kubadilisha wala ya kusambaza, kwa kuwa leseni huria ya OpenOffice ilikuwa imekwisha kutoa idhini hiyo kwa kila mtu. Katika mfumo uliofungwa, kazi ileile ingesubiri uamuzi wa kampuni. Suala la nani anaruhusiwa kubadilisha sura, basi, halihusu pambo peke yake. Linahusu pia lugha ambayo mashine itatumia kumsemesha mtu.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha mwenendo mmoja. Kampuni zilianza kwa kudai umiliki wa picha, na mahakama zikawapa ulinzi mwembamba. Baada ya hapo udhibiti ulikaa katika sahihi ya kidijiti inayokagua faili, na katika mkataba unaomfanya mnunuzi aitwe mwenye leseni. Kesi zilizojadiliwa zilihusu kampuni, vyama na watu wa biashara. Hakuna hata moja iliyomhusu mtu aliyebadilisha rangi za madirisha yake nyumbani. Haki yake imekadiriwa kutokana na ugomvi wa wengine.

Kwa hiyo anayeulizwa kama kubadilisha mandhari ni halali hana budi kuuliza kwanza maswali matatu: mchoro ni wa nani, ni faili gani iliyoguswa, na mkataba umesema nini. Watunga sheria nao, wa Afrika Mashariki wakiwamo, wanaporekebisha sheria za hakimiliki wanapaswa kuamua kwa maneno ya wazi kama mwenye nakala halali anaweza kuirekebisha kwa matumizi yake binafsi, na kama mkataba unaweza kumnyang'anya haki hiyo. Wasipoamua, mwandishi wa leseni atakuwa amekwisha kuwaamulia.