Waongozaji Wanawake wa Kenya na Njia Walizopitia

Waongozaji wa filamu wa Kenya wanaojulikana zaidi nje ya nchi yao ni wanawake, hali ambayo ni nadra hata katika nchi zilizotangulia kuwa na studio na soko la filamu. Maelezo ya kawaida ya jambo hili husifu vipaji na ujasiri wa watu mmoja mmoja, na sifa hizo wanastahili, lakini hayajibu swali la msingi, yaani kwa nini wanawake wengi kiasi hicho walifika katika uongozaji, kazi ya kuamua jinsi hadithi itakavyoigizwa na kupigwa picha, ambayo kwingineko imelindwa na wanaume kuliko karibu kazi nyingine yoyote ya filamu. Sehemu kubwa ya jibu imo katika fedha. Kenya haikuwahi kuwa na studio kubwa za watu binafsi zenye vyeo vya kupandwa kimoja baada ya kingine, na kwa hiyo hapakuwa na vyeo vya kurithishana. Aliyetaka kuongoza filamu alilazimika kumtafuta mfadhili mahali pengine, na kila mfadhili aliacha alama yake katika filamu iliyopatikana.

Televisheni ilianza nchini humo mwaka 1962, na mwaka 1964 shirika la utangazaji likachukuliwa na serikali na kupewa jina la Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi mwaka 1989. Vichekesho vya Kiswahili vilivyorushwa na shirika hilo viliwapa wanawake umaarufu mkubwa, na mfano ulio bora ni Mary Khavere, ambaye watazamaji wa Vitimbi walimjua kwa jina la Mama Kayai, mke mwenye ulimi mkali wa Mzee Ojwang. Umaarufu huo, hata hivyo, ulikuwa wa mbele ya kamera, na mwigizaji kupendwa na taifa zima hakukumaanisha kwamba angekabidhiwa bajeti.

Njia ya kwanza ya kufika nyuma ya kamera ilipitia serikalini. Chuo cha Mawasiliano ya Umma cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1961 ili kuandaa mafundi wa utangazaji, baadaye kilipata idara ya filamu iliyosaidiwa na wakfu wa Kijerumani wa Friedrich Ebert, na humo ndimo alimotoka Anne Mungai. Filamu yake Saikati ya mwaka 1992 huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kuongozwa na mwanamke wa Kenya, na inafaa kukumbukwa kwamba ilifuata miaka 6 tu baada ya Kolormask ya Sao Gamba, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza kabisa kuongozwa na Mkenya. Wanawake, kwa maneno mengine, hawakuingia katika fani iliyokwisha kukomaa. Waliikuta ikiwa changa. Saikati inamfuata msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa na kwenda Nairobi, ambako anagundua kwamba binamu yake aliyemkaribisha anaishi kwa kuuza mwili. Asili ya filamu hiyo katika taasisi ya mafunzo iliyosaidiwa na wafadhili wa maendeleo inaonekana wazi, kwa kuwa hadithi inabeba somo kuhusu elimu ya wasichana, na somo hilo wakati mwingine linawalemea wahusika. Kosa hilo halipaswi kutupwa lote kwa mwongozaji, maana filamu ya burudani tupu isingepata mlipaji.

Ujerumani ilikuwa pia njia ya wale waliokwenda kusomea huko. Wanjiru Kinyanjui alisoma katika chuo cha filamu na televisheni cha Berlin, kisha akatengeneza The Battle of the Sacred Tree, kichekesho cha katikati ya miaka ya 1990 kuhusu mwanamke anayemkimbia mume mkatili na kurudi kijijini, ambako akina mama wa kanisa wanataka kuukata mti wa mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu. Katika nchi jirani ya Tanzania, Flora M'mbugu-Schelling, naye akiwa na uhusiano na Ujerumani, alitoa mwaka 1992 These Hands, filamu ya hali halisi, yaani isiyotumia waigizaji, kuhusu wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wanaoponda mawe kwa mikono.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea katika biashara ya matangazo, jambo ambalo wanahistoria wa filamu hulipuuza kwa sababu matangazo ya sabuni na bia hayahesabiwi kuwa sanaa. Judy Kibinge alikuwa mkurugenzi wa ubunifu katika tawi la Nairobi la kampuni ya McCann-Erickson kabla ya kuacha ajira na kuanza kutengeneza filamu. Matangazo yalikuwa karibu kazi pekee mjini Nairobi iliyompa mtu nafasi ya kusimamia upigaji picha wa kitaalamu mara kwa mara, kwa fedha za kutosha na kwa tarehe isiyosogezwa, tena bila kuombwa afundishe maadili. Filamu yake Dangerous Affair ya mwaka 2002, iliyotayarishwa na Njeri Karago, ilipigwa kwa kamera za video badala ya ukanda wa filamu, ambao kuununua na kuusafisha kulikuwa na gharama kubwa mno, na ilihusu mapenzi na usaliti miongoni mwa vijana wa Nairobi wenye kazi nzuri na magari. Hapakuwa na kijiji wala mwathirika wa kuokolewa.

Kizazi kilichofuata kilichanganya njia hizo. Lupita Nyong'o alifanya kazi za chini katika utengenezaji wa The Constant Gardener, filamu ya kigeni iliyopigwa Kenya, na mwaka 2009 akaongoza filamu ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino, kabla ya kwenda Marekani kusomea uigizaji na kushinda Oscar mwaka 2014. Hawa Essuman aliongoza Soul Boy, iliyotoka mwaka 2010, kupitia mpango wa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer. Wanuri Kahiu, aliyesomea filamu Los Angeles, aliongoza From a Whisper, kuhusu athari za shambulio la bomu la mwaka 1998 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, kisha mwaka 2018 akaipeleka Rafiki, hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili, hadi tamasha la Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Bodi ya serikali ya kuainisha filamu iliipiga marufuku nchini, na Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku 7 tu mwezi Septemba, muda uliotosha kutimiza sharti la kuonyeshwa nyumbani ili iweze kufikiriwa katika tuzo za Oscar. Fedha za nje zilikuwa zimemwezesha mwongozaji kusema jambo ambalo dola haikutaka lisemwe, lakini hazikuweza kumpa watazamaji wa nyumbani zaidi ya juma moja.

Huenda ndiyo maana baadhi ya wanawake hao wamegeukia kazi ya mtayarishaji, anayetafuta fedha, kuajiri na kuuza filamu, au kuanzisha taasisi za kugawa fedha hizo. Dorothy Ghettuba alianzisha Spielworks Media, iliyotengeneza tamthilia za televisheni, kabla ya kujiunga na Netflix, na Kibinge alianzisha Docubox, mfuko wa kufadhili filamu za hali halisi za Afrika Mashariki. Mfuko huo nao hutegemea kwa sehemu kubwa wafadhili wa nje, ila uamuzi wa hadithi ipi ilipiwe sasa hufanyika Nairobi.