Uvuvi wa ndoano ulipelekwa kortini. Aliyefunga mto je?

Mtandaoni, kutroli ni kuchokoza watu kwenye komenti mpaka wakasirike. Lakini baharini kuna kutroli kwingine, na leo nataka tuongelee huko. Mashua inaenda polepole, karibu mwendo wa mtu anayetembea, huku inakokota mishipi yenye chambo na ndoano. Hakuna wavu. Samaki anashikwa mmoja mmoja, anatolewa damu, anawekwa kwenye barafu. Basi.

Sasa twende Sitka, mji mdogo kwenye pwani ya Alaska. Kuna samoni mkubwa anaitwa Chinook, na wavuvi wa huko humfuata hata wakati wa baridi, kuanzia Oktoba. Desemba jua linaonekana chini ya saa 7 kwa siku, mvua na theluji zinapokezana, na wewe uko kwenye mashua na vidole vimekufa ganzi. Mbona mtu ajitese hivyo? Kwa sababu wakati huo Chinook aliyevuliwa juzi ni adimu sokoni, kwa hivyo bei inapanda. Hiyo ndiyo karo ya watoto, hiyo ndiyo mafuta ya mashua.

Halafu Mei 2023, jaji mmoja wa Seattle akatoa amri ambayo ingefunga uvuvi huo wa Chinook, msimu wa baridi na wa kiangazi. Kesi ilipelekwa mwaka 2020 na shirika la Wild Fish Conservancy. Hoja yao: orka, wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe wanaozunguka kusini zaidi karibu na Seattle, wamebaki 70 na kitu tu, na chakula chao kikuu ni Chinook. Wavuvi wa Alaska wanamshika samaki kabla hajafika kwa orka. Na ni kweli, Chinook wengi wanaovuliwa Alaska walizaliwa kwenye mito ya Kanada, Washington na Oregon.

Ukisikia hivyo unasema, sawa, wavuvi waache. Mimi pia nilifikiria hivyo. Kisha nikarudi nyuma kwenye historia, na manze, picha ikabadilika.

Kwanza, Alaska yenyewe. Watlingit walikuwa wanakula samoni wa pale karne nyingi kabla Urusi haijaiuzia Marekani Alaska mwaka 1867. Baadaye yakaja makampuni ya kupakia samaki kwenye mikebe, mengi yakiwa na mabosi Seattle na San Francisco. Yalijenga mitego mikubwa kwenye njia za samoni. Fikiria uzio wa wavuvi wetu wa Pwani, lakini wa ukubwa wa kutisha, unaomeza samaki usiku na mchana bila kulala. Samoni wakapungua vibaya, mpaka mwaka 1953 serikali ya Marekani ikatangaza hali hiyo kuwa janga. Watu wa Alaska walichoka. Mwaka 1956, walipopigia kura katiba yao, walipitisha pia kwa kura nyingi kwamba mitego ipigwe marufuku. Mwaka 1959 Alaska ikawa jimbo, na mitego karibu yote ikaondoka. Wavuvi wadogo wakapumua.

Pili, mito. Mto Columbia ulikuwa barabara kuu ya Chinook, toka baharini hadi ndani ya Kanada. Kisha likajengwa bwawa la Grand Coulee, likakamilika mwaka 1942, bila njia yoyote ya samaki kupita. Juni 1940, kabla maji hayajafunika maporomoko ya Kettle Falls, jamii za asili zilikusanyika pale siku 3 kuaga mahali walipovulia samoni tangu mababu. Walikiita Kikao cha Machozi. Watu walilia kama matangani, na kwa kweli yalikuwa matanga.

Tatu, orka wenyewe. Agosti 1970, huko Penn Cove, Washington, watu walizingira orka kwa nyavu wakachukua wadogo ili wauzwe kwa mabustani ya maonyesho. Mmoja wao, Tokitae, aliishi kwenye tangi huko Miami zaidi ya miaka 50. Alikufa Agosti 2023, miezi mitatu baada ya ile amri ya jaji.

Kwa hivyo mto ulifungwa na wengine, na orka waliibwa na wengine, lakini aliyeambiwa aegeshe mashua ni msee wa Sitka na ndoano zake.

Sisemi wavuvi ni malaika. Kila Chinook anayeshikwa hatamfikia orka, hiyo hesabu haina mjadala, na ndiyo maana Marekani na Kanada zina mkataba wa kugawana samoni tangu 1985. Lakini mahakama ya rufaa ilisimamisha ile amri Juni 2023, na Agosti 2024 ikaitengua. Iliona kwamba hasara kwa jamii za pale ni ya uhakika, ilhali faida kwa orka haijulikani vizuri.

Na dawa tunaijua, imeshajaribiwa. Mabwawa mawili ya mto Elwha, Washington, yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Kufikia mwaka 2024 yalikuwa yamebomolewa manne ya mto Klamath, na mwaka huohuo samoni wakapita juu ya pale yalipokuwa, mahali ambapo hawakuwa wamefika kwa zaidi ya miaka 100. Hakuna aliyewaelekeza. Walifunguliwa njia tu.

Kwa hivyo siku nyingine ukiambiwa samaki wamemalizwa na wavuvi wadogo, usikubali haraka. Uliza kwanza: nani alifunga mto?